Hisani ya Kampuni na Haki ya Jirani

Ifikapo tarehe 18 Julai ya kila mwaka, mji wa Durban huvaa sare. Wafanyakazi wa mabenki, viwanda, maduka makubwa na ofisi za bima hutoka makazini wakiwa wamevaa fulana za rangi moja zenye nembo ya kampuni, wakashika brashi, majembe na masufuria, wakaelekea kwenye shule, makao ya mayatima na nyumba za wazee. Huko hupaka kuta rangi, hupanda miti, hufunga vifurushi vya chakula, hupigwa picha, kisha hurejea kazini. Muda unaotajwa ni dakika 67, nao una asili yake. Nelson Mandela alihesabiwa kuwa ameutumikia umma kwa miaka 67, kuanzia mwaka 1942, basi kila mtu akaombwa atoe dakika moja kwa kila mwaka wa utumishi huo. Umoja wa Mataifa uliitambua siku hiyo mwezi Novemba 2009, na tangu mwaka 2010 imekuwa ikiadhimishwa ulimwenguni.

Wengi miongoni mwetu tumo katika picha hizo, wengine kwa upande wa wanaotoa na wengine kwa upande wa wanaopewa. Mama anayesafisha ofisi mjini huvalishwa fulana pamoja na wenzake, na huenda mtoto wa jirani yake ndiye anayesoma katika chekechea inayopakwa rangi siku hiyo. Hatusemi kuwa jambo hilo ni baya. Chakula kilichofungwa na mikono ya karani wa benki hushibisha sawasawa na chakula kingine. Lakini yafaa kuuliza: kampuni ina deni gani kwa watu wanaoifanyia kazi na kwa wale wanaoishi kando ya ukuta wake, kabla hatujafika kwenye mlango wa hisani? Sisi tuliolelewa kupambanua baina ya sadaka na haki twajua kwamba deni halilipwi kwa sadaka. Anayedaiwa ujira akaleta mkate mlangoni, ataambiwa ahsante kwa mkate, na ujira bado anadaiwa.

Mji huu ulijua kutoa kwa wafanyabiashara muda mrefu kabla makampuni hayajaanzisha idara za mahusiano na jamii. Msikiti wa Ijumaa wa mtaa uliokuwa ukiitwa Grey, na ambao leo waitwa mtaa wa Dokta Yusuf Dadoo, uliasisiwa mwaka 1881 na wafanyabiashara wa Kihindi, na kando yake yakajengwa maduka ambayo kodi yake iliusaidia msikiti na kazi zake. Huo ndio utaratibu wa wakfu tunaoufahamu kutoka pwani yetu: mwenye mali huondoka, na mali ikabaki inafanya kazi. Na wakfu wa Waislamu wa Durban ndio uliowapa kitu cha kushikilia watu ambao historia yao yatuhusu sisi kuliko wengine wote, yaani wale waliokuja kuitwa Wazanzibari wa Durban. Kati ya mwaka 1873 na 1880, manowari za Kiingereza ziliwaleta katika bandari ya Natal mamia ya watu waliokamatwa kutoka katika majahazi ya biashara ya utumwa, wengi wao wakiwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Waliambiwa wako huru. Kisha wakafungwa kwa mikataba ya miaka mitano kwa matajiri wa koloni lililokuwa na njaa ya vibarua. Baadaye wengi wao walipata makazi katika ardhi ya wakfu pale King's Rest, juu ya Bluff, wakajenga msikiti na wakaitunza dini na lugha yao, hata serikali ya ubaguzi ilipowahamisha kwa nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuwapeleka Chatsworth. Msomaji aliyesali Bayview hapana shaka amekutana na wajukuu wao.

Nawataja hapa kwa sababu moja. Wale matajiri waliowachukua kwa mikataba hawakujiona kuwa wanawaonea. Walijiona kuwa ni wafadhili waliowapa kazi na makao watu waliookolewa baharini. Ni mazoea ya kale katika mji huu kuita kazi ya mtu kuwa ni hisani aliyofanyiwa.

Tuje sasa katika karne iliyopita. Asubuhi ya tarehe 9 Januari 1973, wafanyakazi wapatao 2,000 wa kiwanda cha matofali cha Coronation, hapa Durban, waliacha kazi. Ujira wao ulikuwa karibu randi 9 kwa juma, nao wakadai zaidi ya maradufu. Ndani ya majuma machache mgomo ulienea kama moto wa nyika, ukaingia katika viwanda vya nguo, bandarini na katika idara za manispaa, hata kufikia mwisho wa Machi walikwisha kugoma watu zaidi ya 60,000. Wakati huo Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kugoma, wala chama chake cha wafanyakazi hakikutambuliwa. Waligoma bila viongozi wa kutajwa majina, kwa kuwa aliyetajwa angelifukuzwa siku ile ile.

Sauti ya Durban ilisikika mbali. Mwezi Machi 1973 gazeti la Guardian la Uingereza lilichapisha uchunguzi wa mwandishi Adam Raphael kuhusu makampuni ya Kiingereza yaliyokuwa yakifanya biashara Afrika Kusini, na wasomaji wa London wakajua kwamba majina wanayoyaona kwenye makopo na masanduku ya jikoni mwao yaliwalipa wafanyakazi Waafrika ujira usiotosha kulisha familia. Bunge la Uingereza likafanya uchunguzi wake, na serikali ya huko ikatoa miongozo. Makampuni ambayo hapo kabla yalisema ujira ni siri ya tajiri na mtumishi wake yalilazimika kujieleza hadharani. Waandishi wa historia ya biashara wana majina mengi ya waasisi wa wajibu wa kampuni kwa jamii katika nchi hii, maprofesa na matajiri. Mimi nawaweka mbele wapika matofali wa Durban.

Upande wa pili wa bahari ya Atlantiki jambo kama hilo lilikuwa limekwisha kuanza, tena kutoka chini. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni ya kamera ya Polaroid huko Cambridge, Massachusetts, mkemia Caroline Hunter na mpiga picha Ken Williams, waligundua kwamba vyombo vya kampuni yao vilitumika kupiga picha za kipande ambacho kila Mwafrika mzima alilazimishwa kukichukua Afrika Kusini. Sisi wa Afrika Mashariki neno kipande halihitaji kufafanuliwa. Babu zetu wa Kenya walikivaa shingoni. Wawili hao wakaunda kundi la wafanyakazi, wakaitaka kampuni iondoke. Kampuni ilijibu kwa mradi: ikaahidi kwamba wakala wake wa Afrika Kusini ataongeza mishahara, na ikatoa fedha kwa elimu ya Waafrika. Mradi ulitangazwa kwa kurasa nzima za magazeti. Bibi Hunter alifukuzwa kazi mwaka 1971. Ilipofika mwaka 1977 ikafichuka kwamba wakala huyo alikuwa akiendelea kuiuzia serikali bidhaa hizo kwa siri, na ndipo Polaroid ilipofunga virago.

Kisa hicho hukumbukwa kwa sababu ya siasa, lakini mimi hukirudia kwa sababu ya muundo wake. Wafanyakazi waliuliza kuhusu haki, kampuni ikajibu kwa hisani, na fedha za elimu zilizotolewa zilikuwa fedha za kweli, na huenda kuna mtoto aliyesomeshwa nazo. Yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja.

Mwaka huo huo wa 1977, mchungaji Leon Sullivan wa Philadelphia, aliyekuwa mjumbe wa bodi ya General Motors, alitoa kanuni sita kwa makampuni ya Kimarekani yaliyokuwa Afrika Kusini, na mwanzoni makampuni 12 yalizitia saini. Tano kati ya hizo zilihusu mambo ya ndani ya kiwanda: kuondoa utengano katika mikahawa na vyoo, kulipa ujira sawa kwa kazi sawa, kufundisha na kupandisha vyeo. Ya sita ilitoka nje ya lango, ikazungumzia nyumba, usafiri, shule, michezo na afya ya wafanyakazi na familia zao. Ni rahisi kukisia ni ipi iliyopendwa zaidi na idara za matangazo. Baada ya miaka 10, mwaka 1987, Sullivan mwenyewe alisema kanuni zake hazikuuangusha ubaguzi, akayataka makampuni yaondoke.

Lakini mfano ulio karibu zaidi nasi hauko Marekani. Uko kusini mwa mji wetu, katika bonde ambalo upepo wake wote tumeuvuta. Mwaka 1954 kilifunguliwa Wentworth kiwanda cha kusafisha mafuta ambacho baadaye kilikuja kumilikiwa na Engen, na mwaka 1963 kikafunguliwa cha pili, SAPREF, mali ya Shell na BP kwa nusu kwa nusu, upande wa Isipingo. Katikati ya viwanda hivyo, na vya karatasi, na matangi ya kemikali, serikali ya ubaguzi iliwapanga watu kwa rangi zao kama mtu apangavyo vikombe kabatini: Wahindi Merebank, machotara Wentworth, Waafrika Lamontville na Umlazi. Wazungu walikuwa Bluff, juu kidogo, ingawa moshi haukuheshimu kilima. Leo katika mitaa hiyo wamo pia ndugu zetu kutoka Kongo, Burundi na Tanzania, waliofuata kodi nafuu ya chumba.

Viwanda hivyo havikuwa bahili. Yeyote aliyekaa huko atakwambia kuhusu misaada ya shule, michango ya michezo na madarasa ya ziada ya hisabati na sayansi ambayo Engen iliyagharimia kwa wanafunzi wa sekondari. Wapo waliofaulu kwa madarasa hayo, na ni wajibu kulisema. Lakini mwanafunzi huyo huyo alisoma madirisha yakiwa yamefungwa. Shule ya msingi ya Settlers, Merebank, iko baina ya viwanda viwili, na uchunguzi uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na wataalamu wa chuo kikuu cha hapa Natal pamoja na wenzao wa Michigan, Marekani, ulionyesha kwamba kiasi cha nusu ya watoto waliochunguzwa walikuwa na dalili za pumu. Mwaka 2001 iligunduliwa kwamba bomba la SAPREF limevujisha zaidi ya lita milioni moja za petroli chini ya ardhi ya Bluff, penye nyumba za watu. Mama wa mtoto mwenye pumu akipewa mpira wenye nembo ya kampuni, aufanyeje? Atampa mtoto acheze, naam. Na dawa ya kuvuta atainunua yeye.

Hapakuwa na ukimya. Mwezi Machi 1995 Rais Mandela alipokuja kukitembelea kiwanda cha Engen, wakazi walisimama njiani na mabango. Alisimamisha msafara, akashuka, akawauliza wana nini. Kutokana na harakati za wakati ule ulizaliwa muungano wa mazingira wa jamii za Durban Kusini, ambamo Wahindi wa Merebank, machotara wa Wentworth, Wazungu wa Bluff na Waafrika wa Lamontville walikaa meza moja, jambo ambalo mipango yote ya serikali iliyotangulia ilikuwa imekusudia lisitokee. Mmoja wa viongozi wake, Desmond D'Sa, alipata tuzo ya Goldman mwaka 2014 kwa kazi iliyoufungisha jaa la taka za sumu lililokuwa Chatsworth. Mwaka 2000 serikali ilitangaza mpango maalumu wa hewa ya Durban Kusini, vikawekwa vituo vya kupima, na gesi ya salfa ikapungua kwa kiasi cha kuonekana. Tazama basi: miaka mingi ya michango ya michezo haikupunguza salfa. Kilichoipunguza ni vipimo, sheria na watu wasiokubali kunyamazishwa.

Na wafanyakazi wenyewe je? Hapa ndipo penye uchungu. Wengi wa mafundi wa Wentworth, wachomeleaji na watengeneza mabomba wanaosifika nchi nzima, waliingia katika viwanda hivyo kwa mikataba ya muda, aghalabu wakati mtambo unapozimwa kwa matengenezo, na wakatoka mkataba ulipokwisha. Mtu huyo alikuwa mfanyakazi kwa majuma sita na jirani kwa mwaka mzima. Akilalamikia moshi, anaogopa kutoitwa tena. Akinyamaza, mtoto wake anakohoa. Ukisikia kampuni inajisifu kuwa imewashirikisha wafanyakazi wake katika kazi za jamii, uliza kama mfanyakazi huyo aliwahi kuulizwa lolote zaidi ya saizi ya fulana yake.

Habari za viwanda hivyo sasa zimebadilika. Tarehe 4 Desemba 2020 mlipuko na moto vilitokea Engen, watu 7 wakaumia na nyumba za ng'ambo ya barabara zikaingia moto. Baada ya hapo kampuni iliamua isisafishe mafuta tena pale, ibakie na maghala. SAPREF ilisimamisha kazi mwaka 2022, mafuriko ya Aprili mwaka huo yakaiharibu, na mwaka 2024 ikauzwa kwa mfuko wa nishati wa serikali kwa bei ya randi moja. Moshi umepungua, na ajira pia.

Mafuriko yale yameacha kumbukumbu nyingine. Yaliua watu zaidi ya 400 katika mkoa huu, yakakizamisha kiwanda cha magari cha Toyota huko Prospecton kikakaa miezi bila kuunda gari. Katika siku zile tuliona hisani kwa sura yake njema. Shirika la Gift of the Givers, lililoanzishwa mwaka 1992 na Dokta Imtiaz Sooliman wa Pietermaritzburg, na ambalo hupokea mengi kutoka kwa makampuni, liligawa maji na chakula bila kumuuliza mtu karatasi zake. Aliye matopeni hakai kupima haki na sadaka.

Lakini liko jambo la Isipingo ambalo hatuwezi kulipita, maana lilitugusa sisi wenyewe. Fujo dhidi ya wageni za mwaka 2015 zilianza huko mwishoni mwa Machi, na zilitanguliwa na mgogoro wa kazi katika duka moja kubwa. Wenyeji waligoma, na ikasemwa kwamba nafasi zao zimejazwa na wageni. Baada ya siku chache maelfu ya watu, na wengi wao wasemao Kiswahili, walikuwa wakilala katika mahema ya Isipingo, Chatsworth na Phoenix. Watu wa Durban walileta blanketi, biriani na maziwa ya watoto, Mwenyezi Mungu awalipe. Hata hivyo, ikiwa mwajiri humchagua mgeni kwa kuwa mgeni haulizi mshahara wa haki, na humtumia kama jiwe la kumpigia mgomaji, basi lori zima la blanketi haliwezi kulifuta alilolifanya. Na ni vyema tujue sheria inasemaje. Tangu tarehe 1 Januari 2019 nchi hii ina kima cha chini cha mshahara, kilichoanza kwa randi 20 kwa saa na ambacho hupandishwa, wala hakibagui uraia. Mahakama ya kazi iliamua mwaka 2008 kwamba hata mgeni asiye na kibali halali cha kazi anahesabiwa kuwa mwajiriwa, na anayo haki ya kulalamika akifukuzwa kwa dhulma. Anayekubali chini ya kima hicho kwa siri hajinunulii usalama. Anamuuza jirani yake, na jirani anajua.

Sasa nifikie sehemu ambayo wenye chekechea, madrasa na vyama vya kina mama wamekuwa wakituuliza: kwa nini barua zetu za kuomba msaada kwa makampuni hazijibiwi? Baadhi ya sababu ni za kawaida, barua ni nyingi na fedha ni chache. Lakini iko sababu iliyoandikwa katika sheria. Chini ya sheria ya mwaka 2003 ya kuwawezesha watu weusi kiuchumi, kampuni hupimwa kwa alama, na alama hizo huisaidia kupata zabuni na wateja. Katika fungu la maendeleo ya jamii, lengo lililowekwa ni asilimia 1 ya faida baada ya kodi. Ili mchango uhesabiwe wote, angalau asilimia 75 ya thamani yake iwafikie watu weusi; ikipungua, alama nazo hupungua. Na neno watu weusi katika sheria hiyo lina maana maalumu: ni Waafrika, machotara na Wahindi ambao ni raia wa Afrika Kusini kwa kuzaliwa au kwa nasaba, au waliopata uraia kabla ya tarehe 27 Aprili 1994, pamoja na wale ambao wangestahili kuupata kabla ya siku hiyo. Mkimbizi kutoka Bukavu, hata awe mweusi kama usiku, katika hesabu hiyo si mweusi.

Siandiki hivyo ili tukasirike. Sheria hiyo ina lengo la kurekebisha dhulma waliyofanyiwa wenyeji, na sisi hatukuwapo walipofanyiwa. Lakini inatupasa tuielewe, kwani mhasibu wa kampuni anayesoma barua yetu anaielewa. Chekechea inayojitambulisha kuwa ni ya watoto wa wakimbizi peke yao inamwomba atoe fedha asizopata alama kwazo. Chekechea ya mtaa, iliyo wazi kwa kila mtoto, yenye watoto wengi wa wenyeji na wetu wakiwamo, inamwomba jambo jingine kabisa. Na baada ya yaliyotokea mwaka 2015, sijui kama kuna sababu njema ya kuwafungia watoto wetu peke yao, iwe kwa fedha au bila fedha.

Jambo la pili ni la kodi. Kampuni inayochangia shirika lililoidhinishwa chini ya kifungu cha 18A cha sheria ya kodi ya mapato hukatiwa mchango huo, mpaka kufikia asilimia 10 ya mapato yake yanayotozwa kodi, maadamu imepewa stakabadhi maalumu. Kazi zinazokubaliwa ni kama kulea watoto wadogo, elimu, afya, kulisha wenye njaa na makazi. Kazi ya dini peke yake haimo. Madrasa inaweza kusamehewa kodi yenyewe, lakini mfadhili wake hapati nafuu hiyo. Ndiyo maana jamaa wenye uzoefu hutenganisha hesabu: chekechea na chungu cha chakula vina daftari lao na usajili wao, na darasa la Qur'ani lina lake. Wasiotenganisha hupoteza vyote viwili, maana mkaguzi akiona randi ya unga imenunua misahafu, hata kwa nia njema, hataidhinisha tena.

Kuna pia mlango usiojulikana sana. Tangu Mei 2012, chini ya sheria ya makampuni ya mwaka 2008, kila kampuni iliyo katika soko la hisa, kila shirika la serikali, na kila kampuni kubwa yenye alama za kutosha za maslahi ya umma, inatakiwa iwe na kamati ya jamii na maadili. Kamati hiyo huangalia mchango kwa jamii, ndiyo, lakini huangalia pia mazingira, afya, usalama wa umma na mahusiano na wafanyakazi, na hutoa taarifa kwa wanahisa katika mkutano wa mwaka. Kwa hiyo anayeishi karibu na ghala la kemikali ana mahali pa kuandikia barua, na barua hiyo si ya kuomba mpira. Wakazi wa kaskazini mwa mji, waliovuta moshi wa ghala la madawa ya kilimo lililochomwa Cornubia katika ghasia za Julai 2021, wakaona samaki wakielea wamekufa katika mto, wanajua kwamba swali la kampuni jirani ina nini ndani ni swali la kuulizwa mapema.

Nimalizie na wale walio ndani ya makampuni, kwa sababu miongoni mwetu wapo makarani, wauguzi, madereva na mafundi wenye ajira za kudumu. Kujitolea ni kwa aliyeweza kukataa. Mfanyakazi anayeambiwa aje Jumamosi yake kupanda miti, na anajua kwamba karatasi zake za ukimbizi zitakwisha mwezi ujao na atahitaji barua ya mwajiri, hakujitolea. Amefanya kazi bila malipo. Siku ya jamii ikiwa ni ya kampuni, na iwe katika saa za kampuni. Na wachaguaji wa mahali pa kwenda wawe ni wafanyakazi wenyewe, kwani wao ndio wanaojua shule ipi haina choo. Zipo kampuni zinazofanya hivyo, nyingine huongeza randi yake juu ya kila randi anayokatwa mfanyakazi kwa hiari, na katika hizo utaona msaada unarudi mahali pale pale mwaka wa pili na wa tatu, bila mpiga picha.

Tena mkono wa mfanyakazi haukuumbwa kwa brashi ya rangi tu. Mwezi Aprili 2008 meli ya Kichina, An Yue Jiang, ilitia nanga nje ya bandari yetu ikiwa na silaha zilizokuwa zikienda Zimbabwe, wakati nchi ile ilikuwa ikingojea matokeo ya uchaguzi kwa hofu. Wafanyakazi wa bandari, kupitia chama chao cha usafirishaji, walitangaza kuwa hawatashusha shehena hiyo. Askofu Rubin Phillip wa Kanisa la Kianglikana naye akaenda mahakamani, amri ikapatikana, na meli ikang'oa nanga. Hapakuwa na fulana siku ile.

Wapo nao wasio na kampuni ya kuwavalisha chochote, wale vijana wetu wanaolinda magari katika viwanja vya maduka, wanaoishi kwa bahashishi, na ambao baadhi yao hutozwa ada ya kila siku ili waruhusiwe kusimama hapo na kizibao chao. Duka linalofaidika na ulinzi wao huwa na bango kubwa la mwezi wa misaada mlangoni. Kama ndugu msomaji unafanya kazi katika duka la namna hiyo, na jina lako likaitwa katika kikao cha kupanga siku ya jamii, basi ada hiyo ni jambo la kulitaja kabla kikao hakijafika kwenye rangi ya ukuta.